UZI: Kazi ya utafiti wa jamii (tabianchi na riziki za watu) huku Nyanda za Juu Kusini, tuongee ukweli wake

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Kuna vijana kama watatu wamenitumia meseji wiki hii wakiuliza hii kazi ya kwenda vijijini kuuliza watu kuhusu mvua, mazao na maisha mtu anaingiaje na inampeleka wapi, nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja nifungue uzi, maana majibu yenyewe marefu na humu najua wapo walioniacha mbali kwa uzoefu, wataongezea.

Mimi nipo Iringa. Nilianza kama mdodosaji wa kulipwa kwa siku, wale unaowaona wamevaa fulana zinazofanana na kishikwambi mkononi wanapita nyumba kwa nyumba. Sasa hivi nasimamia timu na naandika ripoti. Kwa jina la ofisini wanaita utafiti wa ustahimilivu wa tabianchi na riziki. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi: mvua ikichelewa, bei ya mahindi ikianguka, ng'ombe akifa, kaya inafanya nini ili watu wasilale njaa na mtoto asitoke shule, na kwanini kaya ya jirani iliyopigwa na jambo lilelile bado imesimama na hii imeanguka. Unatafuta hiyo tofauti, basi.

Nianze na kisa kimoja kwasababu ndicho kilichonifundisha kazi kuliko miaka mitatu ya chuo.

Ilikuwa Mufindi mwezi wa kwanza, kijiji sikitaji na mtaelewa kwanini. Dodoso letu lilikuwa na ukurasa wa mazao: zao gani, ekari ngapi, gunia ngapi msimu uliopita. Nikafika kwa mama mmoja mjane, kaya ya watu sita, ekari moja na nusu ya mahindi, kavuna gunia nne na hapo kauza moja kwa ajili ya mbolea. Nikajaza. Ukipiga hesabu, gunia tatu kwa watu sita haziwezi kutoka mwezi wa saba mpaka wa kwanza, nikamuuliza sasa mama kuanzia mwezi wa kumi mmekuwa mnakula nini, akasema Mungu anasaidia. Nikauliza mnanunua? Hapana. Mnaletewa? Hapana. Mungu anasaidia. Nikamaliza dodoso nikaaga.

Mvua ikashuka nikiwa mlangoni. Mtendaji wa kijiji aliyekuwa ananiongoza alikuwa ameshatangulia nyumba nyingine. Mama akaniambia rudi jikoni mwanangu utalowa. Nikakaa kwenye kigoda, akachomoa mahindi mabichi mawili kwenye kikapu nyuma ya mlango akayaweka motoni. Mahindi mabichi, na huko nje mashamba yote ya mlimani mahindi yalikuwa yananifika magotini! Nikamuuliza haya yametoka wapi mama, akatazama nje kwanza, akasema kwa sauti ya chini, "ya kinyunguni".

Kwa wasio wa huku, vinyungu ni vile vishamba vya bondeni ambavyo Wahehe na Wabena wamelima miaka nenda rudi, mvua zikiisha na maji yakipungua bondeni watu wanatifua matuta kwenye ule unyevu wanapanda mahindi, maharage, mboga, na ndiyo vinavyoivisha chakula wakati ghala ya mlimani imekwisha. Sasa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na kinyungu kwa asili yake kiko hapohapo kwenye maji. Kwahiyo mtu aliyenitambulisha kwa yule mama, mtendaji, ndiye yuleyule ambaye kesho anaweza kumwandikia faini. Kwanini aniambie mimi niliyeletwa na mtendaji kwamba analima bondeni? Mimi mwenyewe nisingesema.

Usiku ule nikarudia madodoso yangu yote ya siku nne. Karibu kila nyumba ukurasa wa kilimo cha kiangazi ulikuwa sifuri. Vijana wenzangu nao hivyohivyo. Hakuna aliyedanganywa kwa ubaya, watu walikuwa wanalinda chakula chao. Lakini kwenye kompyuta ya aliyeko mjini sifuri ile inasomeka "hawa watu hawana mbinu ya kukabili kiangazi", na kweli rasimu ya kwanza ya ripoti, ya taasisi sitaitaja, ilikuja na pendekezo kwamba wanakijiji wafundishwe kilimo cha bustani za kiangazi. Nilipousoma ule mstari niliumia sana. Bibi zao walikuwa wanafanya hicho kitu kabla yeyote kati yetu hajazaliwa.

Hapo ndipo nilipojua hii kazi ni nini. Maswali yanaweza kuwa mazuri, programu nzuri, sampuli imechaguliwa kitaalamu kabisa, na bado ukaondoka na uongo kwasababu ya mtu uliyeongozana naye kufika mlangoni. Kama unataka kuingia huku ukiamini ni kazi ya kujaza fomu, tafadhali jifikirie tena.

Mwenye swali aulize, nipo.

---

#2 Kijana Tukuyu

Shikamoo mkuu, uzi mzuri sana huu. Mimi nimemaliza sosholojia 2023, niko nyumbani Tukuyu nasaidia wazazi. Nimeomba kazi sehemu nyingi sijaitwa hata moja, kila tangazo wanataka uzoefu wa miaka mitatu na ujue Stata na NVivo, zile programu za kuchambua data, na mimi chuo tuligusa SPSS kidogo tu kwenye chumba cha kompyuta, tena watu wanne mashine moja. Sina koneksheni yoyote. Swali langu je nikasome mastasi kwanza au nianze na hizo kazi za udodosaji? Na je hii kazi kweli mtu anaweza kuendesha maisha nayo maana naona wengi wanapata wiki mbili halafu miezi mitatu hamna kitu.

---

#3 Mtu wa Rujewa

Mleta uzi umeongea vizuri ila mimi naongea nikiwa upande wa pili, upande wa wanaoulizwa. Niko Mbarali, mkulima wa mpunga. Hapa Usangu tumeulizwa mpaka tumechoka. Mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka kiangazi miaka ya tisini mwanzoni wakaja watafiti. Umeme ukipungua kwasababu bwawa la Mtera maji yamekwisha wanakuja, mkulima wa mpunga ndiye mchawi. 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa bonde oevu la Ihefu na ng'ombe zao, wengine wakaishia Lindi huko, 2008 mpaka wa Hifadhi ya Ruaha ukaongezwa ukachukua eneo la Usangu, hapo katikati kote walikuwa wanakuja na madodoso. Mimi binafsi nimehojiwa si chini ya mara tano. Saa nzima na nusu mtu anakuuliza una kuku wangapi, una redio, paa ni bati au nyasi, jana ulikula nini. Sijawahi kuona karatasi hata moja imerudi. Sijui hata nilichosema kiliandikwaje. Sasa nyie mnajenga maisha yenu kwa maneno yetu, sisi tunapata sabuni ya mche mmoja. Naomba unijibu hilo kabla hujamjibu kijana namna ya kupata ajira.

---

#4 Mleta uzi

Mtu wa Rujewa, nimekusoma mzee wangu na nimekubali, hilo lako nalijibu peke yake kwa kirefu kesho, sitaki kulipitia juujuu. Nipe usiku mmoja.

Kijana Tukuyu marahaba. Nianze na pesa maana ndiyo inayokukosesha usingizi. Ukweli ni kwamba udodosaji peke yake hauendeshi familia, ni kazi ya misimu, inakuja kwa mafungu kutegemea mradi umeanza au unaisha, na kuna wakati malipo yanachelewa. Nimewahi kukaa fildi siku 18 na hela ikaja baada ya miezi mitano, nimeshakopa kwa mangi mpaka nikawa nabadili njia ya kupita. Kwahiyo usiache shamba la wazazi, lima, fuga, hii ingia nayo pembeni mpaka isimame. Na kabla hujapanda gari omba mkataba ulioandikwa hata kama ni ukurasa mmoja, siku ngapi, posho kiasi gani, bima ipo au haipo, wanalipa lini.

Mastasi usikimbilie. Nimeona watu wametoka na mastasi hawajawahi kulala kijijini usiku hata mmoja, ukimpa matokeo kwamba kaya imeuza mbuzi wanne anaandika mifugo imepungua, hajui kuuliza waliuza kwa bei gani na mwezi gani, na hapo ndipo stori yote ilipo. Fanya fildi miaka miwili ndo uende ukiwa na swali lako kichwani. Ukifika wakati huo, Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro wote wana watu wa mambo haya ya tabianchi na maisha ya vijijini.

Sasa hiyo habari ya uzoefu na Stata. Kuna kitu wengi hawakijui. Utafiti wa Taifa wa Kufuatilia Kaya, ule Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) walianza 2008/09 kwa kaya 3,265 na wakawa wanazirudia kaya zilezile, data yake iko wazi, unaingia maktaba ya data ya Benki ya Dunia unajisajili unaipakua bure, na madodoso yake yapo. Humo kuna mashamba, mavuno, mifugo, chakula, na swali kabisa la majanga yaliyoipata kaya na walifanya nini. Stata inauzwa ghali ila R ni bure na inafanya kila kitu. Chukua hiyo data, chagua mikoa yetu ya huku tu, jiulize swali moja dogo kama kaya zilizosema zilipata ukame ziliuza nini kwanza, andika kurasa nne. Siku ya usaili unaziweka mezani. Hiyo ndiyo koneksheni yako. Mimi nikiajiri, kijana aliyekuja na kurasa nne zake mwenyewe namsikiliza kabla ya mwenye vyeti kumi, na siongei kinadharia, vijana wawili nilionao sasa nimewapata hivyohivyo.

Kutengeneza dodoso la simu jifunze KoboToolbox, ina akaunti ya bure, wiki moja unaijua.

Halafu kuna kusoma wazo lenyewe. Neno riziki kwa maana wanayoitumia watafiti lilipata nguvu na andiko la Robert Chambers na Gordon Conway la mwaka 1992, wakasema riziki ni uwezo wa watu, mali zao na shughuli wanazofanya ili waishi, na inakuwa endelevu pale inapoweza kuvumilia pigo na kuinuka tena bila kula mtaji wake. Baadaye ikaja ile picha ya mitaji mitano, watu, asili, fedha, vitu, na mahusiano. Usiikariri kama dua. Nenda kaitafute mtaani kwenu, mtaji wa mahusiano ni kile kikundi cha mama yako cha kukopeshana, ni yule jirani anayekupa ng'ombe umkamulie maziwa umlee na ndama wa kwanza anakuwa wako.

Nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu uone kazi inavyokuwa. Kuna kipimo kifupi cha mbinu za kukabili upungufu wa chakula, maswali matano tu. Siku 7 zilizopita, ni siku ngapi mlikula chakula msichokipendelea sana kwasababu ni rahisi, siku ngapi mliazima chakula, siku ngapi mlipunguza kiasi cha mlo, siku ngapi watu wazima walijinyima ili watoto wale, siku ngapi mlipunguza idadi ya milo. Idadi ya siku za kila swali unazidisha na uzito wake, kujinyima watu wazima ni 3, kuazima ni 2, yaliyobaki kila moja ni 1, unajumlisha, alama zikiwa nyingi ndiyo hali mbaya zaidi. Unaona rahisi eeh. Sasa huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei, tunavuna Mei, Juni, Julai. Ukiuliza hayo maswali Julai Iringa nzima imeshiba. Uliza Februari kaya ileile ina alama ishirini. Nimewahi kuona mradi umepima mwanzo Februari na umepima mwisho Julai halafu wanapongezana kwamba njaa imeshuka. Lazima kichwani uwe na kalenda ya eneo kabla hujawa na programu. Na kalenda hazifanani, Isimani na Mufindi zote Iringa lakini Isimani ni ukame watu wanahesabu mawingu, Mufindi ni ubaridi na chai.

Na lile neno azima, kule Kilolo mama mmoja alinijibu hapana hatujaazima hata siku moja, kumbe wanaita kuomba chumvi, hata ukiombwa sado zima la unga unaitwa chumvi. Dodoso limetafsiriwa na mtu wa mjini, mama hajakosea.

Zoezi lako la kwanza kijana, bila kulipwa na mtu. Kaa na bibi au babu yako hapo nyumbani, muombe akupitishe mwezi kwa mwezi mwaka mzima, kazi gani, chakula kinatoka wapi, hela inaingia lini inatoka lini, nani anaishika. Usiandike mbele yake, sikiliza, ukitoka andika. Utuletee hapa.

---

#5 Dada wa Mafinga

Naomba niongeze la wanawake maana huwa linarukwa. Mimi nimefanya hizi kazi tangu nikiwa chuo hapa Iringa. Dada unayetaka kuingia jua mambo haya. Kulala, timu mnaweza kupelekwa kijiji hakina gesti mkalala kwenye nyumba ya mwalimu au darasani, uliza mapema wanawake mnalala wapi na nani ana funguo, usione aibu kuuliza, msimamizi anayekasirika kwa swali hilo sio wa kwenda naye. Nimewahi kumkatalia mmoja nikakosa kazi ya wiki tatu na sijutii.

Lakini pia kuna majibu ambayo bila sisi hayapatikani. Dodoso linasema mhoji mkuu wa kaya, unamkuta baba anakwambia mahindi tumeuza gunia kumi hela tumeezeka nyumba. Ukikaa na mama wakati anachambua maharage anakwambia gunia kumi na tatu, tatu aliuza yeye kidogokidogo kwa madebe kabla baba hajahesabu, ndiyo ada ya mtoto na ndiyo dawa. Huwezi kuuliza hilo baba akiwa amekaa kibarazani anasikiliza. Mimi huwa naomba nimsaidie kazi anayofanya, kuchambua, kupukuchua, kubeba maji, dakika kumi za kwanza siulizi chochote cha dodoso. Wasimamizi wa mjini wanaona kwenye programu mahojiano yangu yanachukua dakika 110 wakati wa wenzangu 60, nishaitwa mzembe kwa hilo. Siwezi kupunguza.

Na kuhusu yale magunia matatu ya mama, mleta uzi, wewe unayaandikaje? Maana ukiyaandika kwenye fomu ya kaya na baba siku akasomewa matokeo umevunja nyumba ya watu.

---

#6 Mleta uzi

Dada wa Mafinga asante sana, swali lako na la mzee wa Rujewa naona ni moja, ni nani anaumia na tulichoandika na nani anafaidika. Nijibu yote hapa.

Ya mama huwa siyaandiki kwenye fomu ya kaya. Nina namba ya utambulisho (code) yake tofauti, fomu ya mtu binafsi isiyo na jina wala namba ya nyumba, na matokeo yanatoka kwa kijiji kizima au kata nzima, hayasomwi kwa kaya. Tanzania sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, vijana isomeni, watu wanadhani ni ya makampuni ya simu peke yake wakati jina, namba ya simu na mahali mtu anapoishi ni vitu ambavyo sisi tunavibeba kila siku kwenye vishikwambi. Hasa ile pointi ya setilaiti (GPS). Programu inakuambia simama shambani bonyeza, inachukua mahali penyewe mita kwa mita. Kwenye vile vinyungu nilikataa. Nilimwambia msimamizi wangu tukichukua pointi za vinyungu tumetengeneza ramani ya kuwatoa watu bondeni, na haijalishi nia yetu nzuri kiasi gani, ramani ikishakuwepo ina miguu. Tukabishana siku mbili. Mwisho tukachukua pointi moja ya shule ya msingi kwa kijiji chote. Tulipoteza usahihi fulani kwenye uchambuzi, sawa, nikaandika hivyohivyo kwenye ripoti kwamba tumeuacha kwa makusudi.

Nisieleweke vibaya, sisemi sheria ya mita 60 haina maana. Vyanzo vya maji vinakufa kweli na mikaratusi iliyopandwa hovyo mabondeni nayo inakunywa maji, na maji ya huku ndiyo yanashuka mpaka Mtera yenye megawati 80 na Kidatu yenye 204. Ninachosema ni kwamba mama yule na mto wote wanahitaji kuandikwa kwa ukweli, na mwenye kuamua awe ameviona vyote viwili.

Mtu wa Rujewa. Mzee wangu mimi nimehusika kwenye hilo unalolalamikia. Nimeshakusanya maneno ya watu kwenye vijiji zaidi ya arobaini na nikihesabu vilivyopata mrejesho kwa mkono wangu ni kumi na moja. Sikufichi. Sababu inayotolewa huwa ni bajeti, mradi ukiisha gari linarudi na hela ya mrejesho haikuwekwa. Na haikuwekwa kwasababu wakati wa kuandika proposo hakuna aliyeiomba. Nimejifunza kuiweka mwanzoni kabisa kwenye hadidu za rejea, yaani karatasi ya makubaliano ya kazi, mkutano wa mrejesho kila kijiji, siku na mafuta na chai yake, ikikatwa najiuliza kama naendelea. Mara mbili ilikatwa. Moja nilikubali kwasababu nilikuwa na ada ya mtoto, nyingine nikakataa. Ile niliyokubali bado inanikaa rohoni.

Na kwenye mrejesho hatupeleki ripoti. Tunapeleka karatasi moja kubwa ya Kiswahili, herufi kubwa, inabandikwa ofisi ya kijiji, na tunasimama mkutanoni tunasema mlituambia hivi, tumeelewa hivi, tumekosea wapi. Kijiji kimoja cha Wanging'ombe walitusahihisha mambo saba kwenye karatasi moja. Tulikuwa tumeandika kwamba mwaka mbaya kabisa kwao ulikuwa wa ukame, mzee mmoja akasimama akasema hapana, ukame tuliumia lakini mwaka mbaya ni ule mvua ilinyesha vizuri, kila mtu akavuna, bei ikaanguka na mkopo wa mbolea ukabaki palepale, ndiyo watu walipouza mashamba. Mkutano mzima ukaguna kukubali. Sisi tulikuwa na maswali 60 ya mvua na swali moja tu la bei.

Mzee nikuulize kwa heshima, kama mtafiti angekuja kwako mara ya sita, ungetaka aje na nini?

---

#7 Mtu wa Rujewa

Umenijibu kiungwana, nashukuru. Kumi na moja kati ya arobaini ni chache, lakini umesema mwenyewe.

Ningetaka aje kabla ya maswali hayajaandikwa. Maana kila anayekuja swali lake limeshatoka Dar au Ulaya, anataka kujua sisi tunatumia maji kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuuliza zamu ya maji kwenye mfereji inapangwaje, nani anapata usiku na nani anapata mchana, nani analipa ili apewe zamu ya mwenzake. Mimi niko mwisho wa mfereji. Mvua ikipungua wa juu anavuna, wa mwisho anakosa, na wote kwenye ripoti yenu tunaitwa wakulima wa umwagiliaji Mbarali. Mwaka ambao mimi nimekosa kabisa mwenye shamba kule mdomoni mwa mfereji amevuna mpunga mpaka akanunua powatila. Uliza hilo. Na tufundishwe kupima maji wenyewe tuwe na daftari letu kijijini, ili mtu akija kusema tunamaliza maji ya Ruaha tumwonyeshe na sisi tulichoandika.

---

#8 Kijana Tukuyu

Wakuu nimefanya zoezi. Nimekaa na bibi jana kuanzia saa kumi mpaka giza linaingia.

Nilikuwa najua Rungwe hatuna njaa, ni kijani mwaka mzima, mvua karibu kila mwezi, ndizi zipo, maziwa yapo. Bibi alipopita miezi akafika wa kwanza akanyamaza. Akasema huo ndio mwezi mgumu, sare na michango ya shule, mbolea ya viazi, na maziwa bei iko chini kwasababu majani mengi kila mtu anakamua. Nikamuuliza sasa mnafanyaje. Akasema dalali anapita mwezi wa kumi na mbili anaangalia parachichi zikiwa bado changa juu ya mti, anahesabu kwa macho, anatoa hela hapohapo, mti unakuwa wake mpaka avune. Bibi ana miti tisa. Miti sita ilishauzwa hivyo mwaka huu na mimi nipo hapa nyumbani sikujua. Nilikuwa napita chini ya hiyo miti kila siku.

Halafu akataja kitu kingine, zamani Desemba alikuwa na akiba ya kahawa, aling'oa kahawa akapanda parachichi kwasababu kila mtu alisema parachichi ndiyo hela. Kwahiyo sijui niandike amestahimili au hajastahimili. Mali anayo, miti ni yake, lakini mavuno sio yake.

Mwishoni aliniuliza wewe haya yote unataka kuyapeleka wapi. Sikuwa na jibu nikamwambia ni zoezi la kazi. Akasema sawa, ila ya miti usimwambie baba yako.

---

#9 Mleta uzi

Kijana hapo umeshaanza kazi. Usiandike amestahimili wala hajastahimili, andika miti tisa, sita imeuzwa matunda yakiwa machanga, mwezi gani, dalali alitoa kiasi gani na bei ilikuwa ngapi wakati wa kuvuna. Ukishapata hizo namba mbili za mwisho kwa kaya kumi za hapo jirani una kurasa zako nne. Majina usiweke, jina la kitongoji usiweke. Na hapa kwenye uzi rekebisha ile idadi ya miti ya bibi, andika "miti kadhaa", Tukuyu sio kubwa hivyo na baba yako anaweza kuwa anasoma.

Mzee wa Rujewa, hilo la zamu za mfereji nimeliandika kwenye daftari. Mwezi ujao napita Igawa kuelekea Mbeya, kama utaniruhusu nishuke Rujewa nije bila dodoso, tukatembee mfereji kuanzia mdomoni mpaka shambani kwako.

---

#10 Mtu wa Rujewa

Njoo kabla ya tarehe 20, baada ya hapo maji yanafungwa hutaona kitu. Na uje na gambuti.

---

#11 Kijana Tukuyu

Mkuu nimeshajaribu kurekebisha, mfumo unakataa muda umepita. Nawaomba moderata wanisaidie kufuta ile idadi kwenye #8, na ule mstari wa baba pia.